Nyumba ya Chini ya Asumani

Asumani wa Kabondo alijua kazi mbili tu duniani: kuchimba visima na kuchimba makaburi ya Waislamu wenzake. Visima vilimletea sifa. Makaburi yalimletea heshima, pamoja na nafasi tele ya kunyoosha miguu kwenye karamu, maana hakuna aliyependa kukaa ubavuni pake.

Mwaka ule waasi walikuwa wameushika mji, na jeshi la serikali lilisemekana liko njiani. Kila mtu alijua kitakachofuata, na kwamba ukuta wa udongo hauzuii risasi. Wengi walikimbilia msituni upande wa Masako. Lakini Sikujua, mke wa Asumani, alikuwa na mguu mbovu, asingefika popote. Basi mzee akaamua kuichimbia familia yake nyumba chini ya ardhi, kwenye mteremko nyuma ya jiko, mahali ambapo maji ya mvua hayatuami. Alichimba kwa raha zake, akipiga mluzi, na alipomaliza akamwita mkewe aje aone.

Sikujua alichungulia. Kisha akashika kiuno.

"Asumani, hii iko nini?"

"Iko nyumba."

"Na ile fasi ya kando, kule chini?"

"Iko chambre yetu ya kulala."

"Iko mwanandani! Chambre gani inaangalia kibla? Unataka kunizika muzima?"

Asumani akatazama, na masikio yakamwaka moto kwa aibu. Alikuwa amechimba kaburi. Jembe lilikuwa limekwenda lilikozoea: shimo refu na jembamba, tundu la pembeni la kumlaza maiti, hata mbao alikuwa ameziegemeza vilevile anavyoziegemeza siku za mazishi. Mtaa mzima ulicheka. Hubert, fundi cherehani wa ua wa pili, alikuja na futi yake shingoni.

"Papa Asumani, na mimi unichimbie yangu. Lakini refu kidogo, miguu yangu inapitaka."

Sikujua hakucheka. Aliapa kwamba hatashuka mle akiwa hai, na wajukuu wao waliokaa nao wakaapa pamoja naye. Hapo Asumani akaogopa kwelikweli. Alimpenda mwanamke yule, pamoja na mdomo wake, na kumchimbia mahali pa kufia hakukuwa shabaha yake.

Akajiuliza kaburi linakosa nini. Linakosa mwanga, na linakosa mtu wa kugombana naye kuhusu mahali pa kuweka sufuria. Akaanza upya. Akapanua kuta, akafukia lile tundu la mwanandani, akachonga ngazi za udongo. Darini akatoboa matundu mawili, membamba juu na mapana chini, ili mwanga ukiingia utawanyike. Kuta akazipaka udongo mweupe wa mtoni mpaka zikang'aa. Vyumba akavigawa kwa mikeka iliyofungwa kwenye mianzi ya kuchomoa: ukiipanga hivi una vyumba viwili, ukiipanga vile una sebule, ukiichomoa yote hata wakwe wanaenea.

Kila asubuhi alipaza sauti kutoka chini. "Sikujua! Leo salon ya kupokea wageni imehamia huku!" Sikujua hakushuka. Siku kuku alipodondoka kupitia tundu la mwanga, Asumani alitangaza kwamba mpangaji wa kwanza amefika na hana malalamiko yoyote.

Mwishowe Sikujua akachoka na kelele. "Bon. Nikipitisha uzi mu sindano kule chini bila taa, nitakubali."

Akachagua sindano nyembamba kuliko zote na uzi mweusi, akashuka saa sita mchana huku akiguna kila ngazi. Uzi ulipita mara ya kwanza. Asumani aliuona kwa macho yake. Sikujua akauchomoa upesi.

"Haipite."

"Haina neno," alisema Asumani. "Lakini wewe umeisha kuingia, na uko muzima."

Sikujua alikaribia kucheka, akakasirika kwa sababu hiyo, akapanda juu na kiapo chake palepale.

Halafu asubuhi moja ndege zikanguruma, na milio ya bunduki ikaanza upande wa mji. Asumani alimvuta mkewe mkono. Sikujua akashikilia nguzo ya mlango, kichwa kigumu, wajukuu wameganda kwenye kanga yake. Ndipo Georgette, mke wa Hubert, alipolia kutoka ua wa pili. Uchungu wa kuzaa ulikuwa umemshika, na Hubert akaja naye akimkokota. Sikujua, aliyewapokea nusu ya watoto wa mtaa ule, akazitazama kuta za udongo za nyumba yake, zisizozuia risasi, akamtazama Georgette, akaiachia nguzo.

"Mumupeleke chini! Watoto, muingie! Banaume, inje!"

Hivyo ndivyo mwenye nyumba alivyobaki nje ya nyumba yake, tumbo chini majanini, risasi zikipita. Mara mkewe akapiga kelele: "Sioni kitu!" Jua lilikuwa bado chini, na Asumani alikuwa ameyapangia matundu yake jua la mchana. Hubert akatambaa kwenda kuleta kioo kirefu cha wateja wake. Wakakishika wawili, wakalikamata jua na kulisukuma shimoni kupitia tundu la mwanga, kioo kikimetameta katikati ya vita kama kinaita risasi.

"Kushoto! Mulirudishe tena! Unanipiga mu macho, wewe mupumbavu!"

Wakageuza. Wakashikilia hivyo mikono ikifa ganzi, mpaka mtoto akalia.

Kichwa cha Sikujua kikatokeza ngazini, udongo mweupe shavuni.

"Tumekuwa bengi kupita benye balishuka," alisema. "Kaburi haifanyake vile. Muingie. Lakini muhamishe ule mukeka kwanza, mama ya mutoto anataka chambre yake."

Asumani akashuka huku akilia waziwazi, akaichomoa mianzi, akaanza kuhamisha ukuta.