Ripoti ya Pélagie Haifutwi

Kazini kwao Kakoba, mjini Mbarara, Pélagie alijulikana kwa jambo moja: ukimwambia "yaache hivyo hivyo", umemchokoza. Alitoka Kivu ya Kusini, Kongo, akiwa mtoto, akakulia kambi ya wakimbizi ya Nakivale katika mahindi na maharage ya mama yake, akajifunzia kompyuta huko huko kambini, kwenye mashine iliyozimika kila ilipopata joto. Ndiyo maana hakuwahi kuiamini namba ya kwanza. Kila kitu alikipima mara ishirini.

Ofisi yao ilitengeneza kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya binadamu kuwa amri za mashine, kwa ajili ya mizani ndogo za vituo vya maziwa. Bosi wake, Ridhiwan, aliiongezea hatua mpya ya kuharakisha kazi: hesabu zinazorudiwa katika kila mzunguko zifanywe mara moja tu, kabla mzunguko haujaanza. Watu wakampongeza. Pélagie akapima, akakuta mizani zimepungua kasi kwa theluthi nzima. Akaandika ripoti, ofisi yote ikaisoma.

Ridhiwan aliwaka. Alisema mbele ya watu kwamba hivyo ni vipimo vya kambini, vya mtu aliyezoea mashine mbovu. Akampa hadi Ijumaa.

"Dada, andikia watu wote, sema ulipima vibaya. Ukikataa, kazi imekwisha."

"Bosi, sikupima mubaya. Kama nilikosea, unioneshe fasi nilikosea."

Hakuoneshwa mahali popote, maana hapakuwa na cha kuonesha. Aliipenda kazi ile mno na aliogopa kuipoteza, lakini kutia sahihi uongo, thubutu!

Alizizima hatua zote za kompaila, akaziwasha moja moja. Ilipowashwa ya Ridhiwan tu, kasi ikaanguka. Akaanza kuzisoma amri za mashine mstari kwa mstari, na Alhamisi akaliona kosa. Prosesa ya mizani, kile chombo kinachofanya hesabu, ina nafasi nane tu za kushikia namba. Hatua ile ilitanguliza hesabu kumi na nne na kutaka zote zishikwe kwa pamoja. Zilizokosa nafasi zilipelekwa kwenye kumbukumbu ya mbali, zikawa zinafuatwa huko kila mzunguko. Ni kama mpishi mwenye jiko moja aliyetoa vyungu vyote stoo ili asirudi tena, akashinda kutwa akiinjika na kuipua. Kompyuta kubwa aliyojaribia Ridhiwan ilikuwa na nafasi tele, kwa hiyo yeye hakuona kitu.

Ijumaa aliiwekea hatua ile kikomo cha nafasi nane, akaijaribu kwenye mizani mezani kwa Ridhiwan. Ikaenda kasi kuliko ilivyopata kwenda. Ridhiwan akataka irudiwe mara tatu. Kisha akashusha sauti, akamwomba aifute ile ripoti, kwani tatizo limeshatatuliwa na hakuna haja ya watu kuendelea kuisoma.

Pélagie akaiondoa mizani mezani kwake.

"Wakati kosa ilikuwa yangu, ulitaka bantu bote basome," akasema. "Basi basome."