Mvua ya Kiangazi Kule Kalengera

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani hata leo. Nilikuwa kijana, mimba yangu ya kwanza imekomaa, na vita vilikuwa vimefika kijijini kwetu Kalengera. Mume wangu alikuwa ameshauawa. Nikatoka na mama mkwe wangu, tukaingia kwenye msururu wa watu waliokuwa wakikimbilia Goma.

Kilikuwa kiangazi kikali, vumbi mpaka kwenye meno. Hatujafika mbali, uchungu ukanishika. Mama mkwe akaniingiza katika shamba la migomba, na mara mbingu zikafunguka. Mvua ya mawe, mwanangu, katikati ya kiangazi. Ilichana majani yote. Yule mama akainama juu yangu, mawe yakimpiga mgongoni, akampokea mtoto kwa mikono yake. Tukamwita Neema. Mama mkwe mwenyewe Goma hakuifikia. Homa ilimchukua njiani.

Nikapata pa kukaa karibu na Kituku, soko la ufukweni kule Goma, nikawa nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Watu waliona msichana asiye na mume wala ndugu, ana mtoto mgongoni. Wakati ule watoto wengi waliokotwa barabarani, basi wakasema Neema naye ni wa kuokotwa. Nilipowaeleza alivyozaliwa, wakacheka. Nani amewahi kuona mvua ya mawe wakati wa kiangazi?

Maneno hayo yalimfikia Neema akiwa shuleni. Aliniuliza mara moja tu, tukianika samaki. Nikamwambia yale yale niliyokuambia wewe. Akaendelea kugeuza samaki. Ila tangu hapo nilimwona akijitazama kwenye kioo, kisha ananitazama mimi.

Alisoma, akamaliza universite, akapata kazi kwa watu wanaochora ramani za mvua na joto la mkoa wetu, mwaka kwa mwaka. Shida yao ilikuwa vita. Vyombo vya kupimia viliporwa, wapimaji wakakimbia, na miaka mizima ikabaki tupu. Kwa hiyo wakaifundisha mashine. Neema alinieleza kwamba waliipa picha za mawingu zilizopigwa kutoka angani, urefu wa milima, na vipimo vya sehemu ambako kazi haikusimama. Ikajifunza jinsi wingu na mlima vinavyoleta mvua, kisha ikaulizwa juu ya mahali ambako hapakubaki mtu wa kupima.

Alasiri moja akaniita kazini kwake. Kwenye kompyuta akanionyesha kiangazi cha mwaka tuliokimbia. Rutshuru yote, eneo kilipo kijiji chetu, ilikuwa na rangi ya nyasi kavu. Akasogeza siku mbele kidogo. Likatokea doa la buluu, dogo, peke yake, juu ya Kalengera.

“Mama,” akasema polepole, “ilinyesha.”

Nikamwuliza nani aliiambia mashine. Akajibu hakuna, hata wenzake hakuwaeleza kwa nini anaitafuta siku hiyo. Kisha akanionyesha vistari vyembamba juu ya lile doa, akasema ndivyo mashine inavyokiri kwamba haina uhakika wote. Na juu ya mawe, au ya mtoto aliyezaliwa, haijui lolote.

“Hayo umeniambia wewe,” akasema, “na ninakuamini.”

Nimeona mlima wetu ukitapika moto, mwanangu, lakini haukunishangaza kama lile doa. Siku ile shambani nilidhani dunia nzima imetupa kisogo. Kumbe wingu lililotunyeshea lilikuwa limepigwa picha huko juu, na picha ikangoja miaka yote hiyo mtu wa kuiuliza. Niligusa lile doa kwa kidole. Neema akaniomba nimweleze tena habari za bibi yake, jina lake, sauti yake, alivyocheka. Tukakaa mpaka wenzake wakafunga milango.

Basi nisikilize. Mahali ambapo hakuna aliyepima wala kuandika, usiseme hapakutokea kitu. Jifunze hizi elimu mpya kwa bidii, uziulize kwa unyenyekevu, na pale zinapokiri hazijui, nawe kiri. Lakini usingoje mashine ndipo umsikilize mama aliyekuzaa. Kaa naye angali hai, umwulize.

Mungu akupe akili tulivu na moyo wa kuamini. Usilazimike kukimbia kwako kama tulivyokimbia sisi, na watoto wako wajue walikotoka.