Hedifoni Zisizo na Besi

Mimi na besi tulikosana, na hatutapatana tena. Ukija kwa veranda yangu hapa Kitale na kitambaa cha kushona, huku simu yako inadunda du-du-du mfukoni, nitakupima haraka haraka nikuondoe. Watu husema nina kiburi. Wacha waseme.

Mimi ni fundi wa nguo. Nashona sare za shule, joho za kwaya na gauni za harusi, na siku nzima nina hedifoni masikioni, kwa sababu cherehani ina kelele zake na wateja wana zao. Nina kamashine kadogo ka muziki, kanaenea kwa kiganja, unakawekea memori kadi na kanaimba mpaka jioni. Nyimbo ziko nyingi humo ndani. Lakini niliyokuwa nikiirudia kila siku ni moja tu, ya baba yangu.

Baba alikuwa mpiga litungu, huko kwetu Bungoma, ukipita Malakisi kidogo. Litungu ni kile kinubi chetu cha nyuzi saba. Nilipokuwa mdogo mimi ndiye niliyemshikia akikaza nyuzi, si ndugu yangu, ingawa yeye ndiye mkubwa. Baba aliniita Mayi, yaani mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake mzazi. "Mayi, sikiza huu uzi. Umelegea ama haujalegea?" Nami nasikiza, nasema umelegea, anakaza. Ndugu yangu akisema haujalegea, Baba anacheka tu.

Mpiga litungu wa kwetu hapigi nyuzi tu. Akishakolea anaita watu wake. Anamtaja huyu na ukoo wake, anamsifu, anamtania, anaenda kwa mwingine. Ukiwa umekaa hapo unangoja zamu yako, na ukitajwa unasimama unacheza kidogo hata kama hujui kucheza. Kurukwa ni aibu. Mtu akirukwa, kila mtu anajua kuna neno.

Baba alifariki miaka mitatu iliyopita. Mimi nilijua amefariki. Kwamba alikuwa mgonjwa sikujua. Ndugu yangu alinipigia asubuhi moja nikiwa nakata vitambaa: "Sista, mzee ametuacha." Nikamuuliza, ametuachaje, alikuwa anaumwa nini? Ati ilikuwa ghafla, ati hata wao hawakutarajia. Nilipofika nyumbani nikakuta majirani wanaongea juu ya wiki nzima aliyolala kitandani, na juu ya siku aliyoomba litungu lake akapiga mara ya mwisho, familia yote imemzunguka. Familia yote! Na mimi je? Nikamshika ndugu yangu kando nikamuuliza swali moja: "Baba aliniulizia?"

"Hakuulizia mtu," akasema. "Alipiga tu, akalala."

Siku ile ya mwisho ndugu yangu alikuwa amemrekodi kwa simu. Kwenye mazishi wakaufungulia ule wimbo kwa spika kubwa za kukodi, besi imepandishwa mpaka mabati yanatetemeka, watu wakalia, wakacheza. Nikasikiza Baba akiita. Akaita ndugu yangu, akaita mke wa ndugu yangu, akaita wajukuu, akaita mpaka jirani. Mimi akaniruka. Mama alikaa pembeni yangu, akanishika goti, akaniambia polepole, "Si ungekuja tu, mwanangu, hata siku moja." Nikadhani ni uchungu unaongea.

Ndugu yangu akanitumia wimbo kwa simu, nikarudi nao Kitale. Nilikuwa nausikiza kwa sababu moja, na siwezi kuificha: nilikuwa natafuta jina langu. Katikati ya wimbo kuna mahali nyuzi zinanyamaza kidogo. Kuna makofi ya watu, kuna ukungu fulani wa sauti, halafu Baba anaendelea na mtu mwingine. Mahali hapo ndipo pangekuwa zamu yangu. Nikasema labda alikohoa. Ama alinitaja, mimi ndiye sisikii. Nikaanza kununua hedifoni kama mtu anayetafuta dawa.

Kijana wa duka la vifaa vya simu pale stendi alinijua mpaka akanichoka. "Niaje, mathe. Leo nimekuletea mnyama. Hii inapiga besi mpaka kifua inatetemeka." Nachukua. Najaribu. Kifua kinatetemeka kweli, na Baba anazama kabisa. Narudi. "Basi chukua hii, mathe, hii besi ni mara mbili." Wee! Mtu anakuambia anazama, unamwongezea maji. Lakini mimi pia nilikuwa mjinga, kwa sababu kila mara nilipojaribu hedifoni mpya nilijaribu kwa wimbo wa kucheza, nikaona nzito, nikaona nzuri, nikalipa.

Aliyenifungua macho ni mwalimu wa kwaya aliyeniletea joho za kushona. Alinikuta nimekunja uso, mkono umebana hedifoni sikioni. Nikampa asikilize. Akavua mara moja. "Huyu mzee mmemfunika blanketi," akasema. Akanieleza kwamba wimbo ukitumwa kwa simu unafinywa ili upite upesi, na vitu vidogo vidogo ndivyo vinavyotupwa kwanza. Tafuta ile rekodi yenyewe, akaniambia, iliyo kwa kadi ya simu iliyorekodi. Na ukinunua hedifoni, usijaribu kwa ngoma. Jaribu kwa mtu anayeongea kwa upole. Ukisikia mate yake na pumzi yake, hiyo ndiyo.

Nikarudi stendi na kamashine kangu, nimeweka mahubiri ya mzee mmoja mwenye sauti ya chini. Nikajaribu moja baada ya nyingine, kijana anaangalia juu kama anayeombea siku iishe. Mwishowe akatoa chini ya meza hedifoni moja kubwa ya kufunika sikio, imejaa vumbi. "Hii hakuna mtu anataka, mathe. Haina besi." Nikavaa. Mhubiri akafungua ukurasa wa Biblia, nikasikia karatasi.

Kadi niliipata Pasaka, nyumbani. Nilimwomba ndugu yangu, na hakusita hata kidogo. Alichomoa kutoka kwa simu yake ya zamani akanipa. "Chukua yote, sista. Mimi wimbo ninao." Yeye humsikia Baba kwa spika ya sebuleni, na sebule ile ukiipita utafikiri kuna kinu cha mahindi. Hakujua alichonipa.

Niliufungulia wimbo Jumanne asubuhi, sketi ya shule iko chini ya sindano. Mara ya kwanza tangu afe nikamsikia Baba akivuta pumzi. Nikasikia kucha zake kwa nyuzi. Nikasikia jikoni, mbali, Mama akiambia mtu alete vikombe. Halafu nyuzi zikanyamaza, na pale kwenye ukungu Baba akauliza, wazi kabisa, kwa Kibukusu chake:

"Mayi wangu wa Kitale, amefika?"

Na sauti ya ndugu yangu, ya kunong'ona, karibu na simu maana ndiye aliyeishika: "Nimempigia, Baba. Amesema hana nafasi ya kuja."

Baba akasema, "Haya." Akakohoa, akagusa nyuzi, akamwita mwingine.

Hakunipigia. Naapa, hakunipigia hata mara moja! Simu yangu ilikuwa hapa hapa juu ya meza ya kukatia, na ningefunga kazi saa hiyo hiyo, ningeenda hata kwa miguu. Nililia mpaka mwenye sketi akaja, akaona, akasema atarudi kesho. Na hapo ndipo nikaelewa maneno ya Mama siku ya mazishi. Na yeye aliambiwa nimekataa.

Jumamosi nikaenda Bungoma. Hedifoni kubwa nikaweka kwa mkoba, na zile ndogo za besi zikiwa humo humo, sikuzitoa. Nilimkuta ndugu yangu mezani anakula mahindi ya kuchoma, litungu la Baba limening'inia ukutani juu ya kichwa chake. Sikumsalimia vizuri. Nilimvalisha hedifoni mimi mwenyewe, nikafungulia. Akatikisa kichwa kwa muziki. Kisha taya ikasimama, mahindi yamo mdomoni. Akamaliza wimbo wote, akavua, akazigeuza mikononi.

"Eh, sista, hizi ziko na sauti safi," akasema. "Ulitoa wapi?"

"Ulinipigia lini?" nikamuuliza.

Akaangalia mlangoni. Mama alikuwa anaingia na chupa ya chai. "Si tuyaache hayo," akanong'ona, sauti ile ile ya kwenye kadi. "Unajua Mama ana presha."

Najua. Najua pia kwamba dawa za presha yeye ndiye hununua, na kwamba Mama hana mtoto mwingine wa kiume wala nyumba nyingine. Mtu mbaya huyu, akajificha nyuma ya mama yangu! Mama akaweka chai, akaona hedifoni, uso ukamchangamka. "Ni Baba yenu huyo? Nipeni na mimi nimsikie."

Mimi nikachukua mkoba. Nikachomoa hedifoni kubwa, nikachomeka zile ndogo, nikautafuta ule wimbo wa kwanza, uliofinywa, nikamwekea Mama masikioni kwa mikono yangu. Akafumba macho. Nikamwona akifika pale nyuzi zinaponyamaza, nikamwona akipita hapo salama.

Alipomaliza akafuta macho kwa leso. "Alikungoja sana, mwanangu," akasema. "Si ungekuja tu."

"Nisamehe, Mama," nikasema, na ndugu yangu akavuta sukari akaongeza kwa chai yake.