Kenta ya Waliochoka

Kinyaa changu kwa mayai ya kuchemsha kilianzia kwenye kenta. Mwaka jana, kwenye marathoni ya hapa Songea, pumzi ilinikatikia mbali na mji, wakanipandisha kwenye lori hilo dogo linalofuata nyuma kuokota waliochoka. Mle ndani mlinuka dawa ya kuchua misuli, soksi mbichi na mayai yaliyokuwa yakimenywa na watu ambao muda mfupi nyuma walikuwa wanalia na miguu. Mmoja alitapika pembeni yangu, akajifuta mdomo kwa fulana yake, kisha akaomba apitishiwe chumvi.

Kenta ikapita mbele ya nyumba ya mama yangu, njia ya kwenda Mpitimbi. Mama alikuwa kasimama barabarani na majirani, kajifunga kitenge kipya, ananisubiri nipite mbio. Aliponiona nimekaa juu kati ya viroba vya chupa tupu, alijivuta mtandio usoni akarudi ndani. Jioni nilimpigia simu nikamwahidi kwamba sitapanda tena gari lile, hata nikitambaa.

"Tutaona," alisema, akakata.

Kilichoniangusha siku ile kilikuwa wimbo. Kikundi chetu cha mazoezi kinakimbia kila Jumamosi alfajiri, kutoka Lizaboni hadi Mjimwema na kurudi, kwa mtindo ule ule wa mchakamchaka tuliofundishwa shule ya msingi: mmoja anaita, wote wanaitika, miguu inapiga pamoja. Mwitaji ni mwenyekiti wetu, mwenye duka la mabati na saruji. "Nani kachoka?" anaita. "Hakuna!" tunaitika. Kwa safari fupi ya Jumamosi, inayoishia kwenye supu ya utumbo, wimbo ni mtamu. Lakini kilomita arobaini na mbili ukiwa unapiga kelele na kukimbia mwendo wa mtu mwingine ni wazimu. Kila mwaka kikundi kinaanza kwa kuimba na kinaishia kwenye kenta, na hakuna anayeuliza kwa nini. Wanasema jua lilikuwa kali.

Kwa hiyo mwaka huu nilijifundisha peke yangu, Jumapili baada ya misa. Tambarare nakimbia pole pole, kiasi kwamba ningeweza kusimulia habari bila kuhema. Mlimani natembea. Kutembea kwenye kikundi chetu ni aibu kubwa kuliko kujamba kanisani, na mimi ni mwalimu wa sekondari, kwa hiyo nilijificha. Nilijifunza kunywa maji kabla kiu haijaja na kuacha kuwatazama wanaonipita.

Siku yenyewe tulisimama uwanjani hadi jua likatuchoma utosi, tukimsubiri mgeni rasmi. Alipofika alihutubia. Mwenyekiti alipita akikagua fulana zetu za kikundi.

"Madam, wewe utakaa katikati, tukusaidie," aliniambia.

"Mwaka huu naomba nikimbie mwendo wangu, Mwenyekiti."

Alinitazama kama nimemtukana mkewe. "Kumbe unajitenga. Haya."

Filimbi ilipolia waliondoka na wimbo wao, vumbi juu, nami nikabaki nyuma. Walioshangilia barabarani walinicheka waziwazi. "Madam, umesahau chaki?" Uongo mbaya, niliumia. Niliwaona wenzangu wakipotea kwenye kona, nikasikia "Hakuna!" ikififia, na miguu ikataka kuwafuata. Niliizuia kama unavyomzuia ndama.

Kwenye vituo vya maji ndiko uchafu ulikokuwa. Mimi niliyekuwa wa mwisho nilikuta ndoo za sponji zilizokwisha kupita mikononi mwa kila mtu. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na juu yake yalielea makamasi. Nilimwona baba mzima mbele yangu akichovya sponji, akajisugua makwapa, akaikamua kichwani, akairudisha ndooni. Sponji sikuigusa. Nilikunywa maji ya chupa, nikatembea mlima wa kwanza, nikakimbia tambarare, nikatembea wa pili.

Nilipita kwa mama. Mlango ulikuwa umefungwa. Alikuwa ameniambia kwamba mwaka huu haoni sababu ya kusimama barabarani, ataenda misa ya pili. Majirani nao walikuwa kanisani. Nilipita nikikimbia vizuri, mgongo umenyooka, na walioniona ni kuku.

Baada ya kugeuza kurudi mjini kwa njia nyingine, nikaanza kuwakuta wenzangu. Wa kwanza alikuwa kakaa kwenye majani, kavua viatu, anatazama ukucha uliong'oka. Wa pili na wa tatu walikuwa wamelala chali. Mwenyekiti nilimkuta kwenye kivuli cha mgomba, anasafisha raba zake nyeupe kwa jani. Niliwapa pole, nikapita. Kenta ilikuwa nyuma yangu, maana mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho, na ilikuwa inawaokota mmoja baada ya mwingine. Hatimaye wote walikuwa juu, na barabarani nilibaki mimi.

Hapo ndipo walipoanza.

"Nani kachoka?"

"Hakuna!"

Watu waliokaa, mayai mkononi, wanaimba! Kenta haikuruhusiwa kunipita, kwa hiyo ilining'ang'ania kisogoni, moshi wake unaniingia mdomoni pamoja na ile harufu. Mapaja yalikuwa yamekauka kama kuni. Kidole kimoja kilikuwa kinaelea kwenye damu ndani ya kiatu.

"Madam, panda bwana, supu inapoa!" mmoja alipiga kelele.

Dereva naye alitoa kichwa. "Mama, hurumia watu wenye njaa."

Sikugeuka. Kibaya zaidi ni kwamba miguu yangu ilianza kufuata wimbo. Nilijikuta nikiongeza mwendo, moyo ukapiga masikioni, nikajua nikiufuata wimbo huo hadi juu ya mlima uliokuwa mbele nitaanguka na watanipakia. Nikatembea. Wakazomea. Nikaendelea kutembea hadi pumzi ikarudi, kisha nikakimbia tena, pole pole, machozi yananitoka kwa hasira. Niliwachukia kwa moyo wangu wote, mmoja mmoja.

Kwenye kona ya mwisho kabla ya uwanja, kenta ilisimama. Nilisikia miguu ikirukia lami. Kabla sijaelewa, walikuwa wamenizunguka pande zote, wameshapumzika, wakiimba kwa nguvu, fulana za kikundi zinang'aa. Mwenyekiti alinishika mkono wa kulia, mwingine akanishika wa kushoto. Nilifurukuta, wakakaza. Tukaingia uwanjani namna hiyo, na mshereheshaji akapagawa kwenye kipaza sauti.

"Tazameni wananchi! Kikundi kizima! Hawakumwacha mwenzao nyuma!"

Tulivishwa medali wote. Mwenyekiti alipewa kipaza sauti, akaanza kueleza moyo wa umoja, mkono wake wenye harufu ya yai ukiwa begani kwangu. Nilifungua mdomo niseme ukweli. Kilichotoka kilikuwa maji yote niliyokunywa tangu asubuhi, na yaliangukia raba zake nyeupe.

Aliruka kando, lakini kipaza sauti hakukiachia. "Mnaona wenyewe hali yake," alisema. "Tungemwacha, angefia huko." Watu wakapiga makofi.

Jioni mama alipiga simu. Nilikuwa nimeweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mjukuu wangu amenionyesha picha kwenye simu. Wamekushika mikono huku na huku, macho umefumba."

"Mama, nilikimbia. Nimepita hapo nyumbani, mlikuwa kanisani. Sikupanda gari, nakuapia. Wao ndio waliopanda."

Nilisikia anavuta kigoda, anakaa.

"Sawa, mwanangu," alisema kwa upole, ule upole anaompa mgonjwa. "Lakini uwashukuru wenzako. Watu kukubeba mbali hivyo si mchezo."