Bafu la Mama Mkwe

Binti yangu alipoanza kukonda, nilifunga mzigo kwangu Namakwekwe, pale Mbale, nikaenda kwake Jinja, kule Kimaka, nimuuguze. Ilikuwa miaka ile ya tisini, tulipokuwa tunazika vijana mpaka machozi yakatuishia. Majina yao ninayo yote kichwani, hata la yule aliyetuuzia misumari, lakini humu sitaji mtu.

Mume wake alikuwa mwanajeshi, mtu wa kaskazini, mrefu, mpole. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawaongei ana kwa ana, wala hawaogi mahali pamoja. Kwao pia ni hivyo hivyo. Na nyumba waliyopanga ilikuwa na bafu moja tu, la ndani. Siku za kwanza nilijipangusa kwa kitambaa jikoni, mlango nimeuzuia kwa stuli. Binti alilazwa sebuleni, maana chumbani kwao nisingeweza kuingia. Nikaona wazi kwamba bila bafu nitarudi Mbale, na mtoto atabaki na mtu anayetoka alfajiri kurudi jioni.

Mkwe naye aliliona hilo. Akasema atanijengea bafu langu nyuma ya nyumba, kwa mikono yake.

"Si tuite fundi?" binti akamwambia.

"Fundi wa nini? Mimi jeshini kazi yangu redio. Waya nazijua zote."

Alisimamisha miti minne, akaipigilia mabati makuukuu, akamwaga zege chini. Bomba alilivuta kutoka jikoni, na pale alipounga akafunga mpira wa tairi la baiskeli. Likavuja. Akakaza, likavuja upande mwingine. Sakafu nayo aliilaza vibaya, maji yakakataa shimo, yakaja mlangoni.

Mimi nilikuwa jikoni namenya viazi, naona yote. Ningesemaje? Nikawa namwambia binti pale sebuleni, naye anampasia mumewe dirishani.

"Mama anasema maji yanarudi."

"Mwambie mama yatazoea njia."

"Anasema maji si ng'ombe."

Nilimsikia mkwe anacheka huko nje. Binti akacheka mpaka akakohoa. "Nyinyi wawili mnanichosha bure," akasema. "Mnasikiana vizuri kabisa."

Halafu mkwe akasema mama hawezi kuoga gizani. Akavuta waya kutoka soketi ya jikoni, akaupitisha kwenye tundu alilotoboa kwa msumari kwenye bati. Ulikuwa mfupi, akaungia kipande kingine, kiungo akakiviringishia kaveera, ule mfuko wa plastiki uliokuja na sukari. Taa ikawaka.

"Mwambie mama yako sasa yuko Kampala!"

Nikaoga. Miguu imezama kwenye maji ya juzi, lakini nikaoga, na nikajua nitakaa.

Tundu la bati lina meno. Kila upepo ulipotikisa mabati, yaliutafuna ule waya kidogo kidogo, na sisi hatukujua. Jioni moja nina sabuni usoni nikanyoosha mkono kushika ukuta. Kitu kikanidaka kuanzia vidole mpaka kwenye taya. Nataka kutoa mkono, mkono hautoki. Nikapiga yowe.

Nilisikia viatu vya mkwe vinakuja mbio mpaka mlangoni. Pale vikasimama. Ndani kuna mama mkwe, uchi.

"Mke wangu!" akaita. "Amka! Mama yako anakufa!"

Mtu wa redio, na aibu ilimvuruga hata soketi akaisahau. Aliyeikumbuka ni mgonjwa. Alijiburuta kutoka kwenye godoro mpaka jikoni akauchomoa waya. Ukuta ukaniachia. Nilipotoka nimejifunga leso, nilimkuta amelala sakafuni, waya bado mkononi. Toka siku hiyo hakukaa tena bila kuegemezwa.

Asubuhi mkwe aliyang'oa mabati. Kisha akasema dirishani, "Mwambie mama aoge bafu la ndani. Mimi nitaoga kambini."

Alisema kwa wema. Mwanzoni alioga kambini akaja kula nyumbani. Baadaye alioga na kula huko huko. Kisha zikaingia zamu za usiku, tukawa tunamwona Jumapili, amesimama dirishani na mkate. Binti alikuwa anasikiliza kila kiatu kinachopita barabarani.

"Mama," akaniambia siku moja, "nenda Mbale kidogo. Labda atarudi kuoga."

"Na nani atakugeuza?"

Sikwenda. Nilimbeba mpaka bafu la ndani nikamwogesha, hana uzito, na hakuniangalia.

Tulimpeleka Mbale kumzika, kwa gari la jeshi. Mkwe alikaa mbele na dereva, mimi nyuma na sanduku, nimelishika lisiteleze. Kabla hatujaondoka nilimsikia anamwambia dereva, "Mwulize mama kama amekaa vizuri huko."

Dereva alikuwa kijana, mambo yetu hayajui. "Afande," akasema, "si umwulize mwenyewe? Huyo hapo, anakusikia."

Mkwe alinyamaza. Na mimi nikanyamaza. Dereva alingoja kidogo, akawasha gari.