Mate Yangu Kwenye Bahasha ya Anko

Mimi niko na kiherehere, niseme wazi. Nikiona mtu amekwama, mkono unatangulia, akili inafuata nyuma inahema. Ndivyo nilivyojiingiza kwenye mambo ya ukoo wa wazungu ambao hata sura zao sizijui.

Mwaka uliofuata Kombe la Dunia nilikuwa nafanya kazi kwenye ghala moja Mobeni, huku Natal, kusini mwa Afrika, nimepanga chumba cha nyuma kwa mzee mmoja karibu na Clairwood. Mtaa mzima ulimwita Anko, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa chotara, dereva wa lori mstaafu, mke alishafariki, mtoto hana. Kitu alichojivunia kilikuwa kimoja: babu wa babu yake, Mwingereza, mlowezi wa wale wa kwanza kabisa kushuka Natal, aliyezaa na mwanamke wa Kizulu. Hiyo hadithi alipewa na baba yake. Karatasi ya kuithibitisha, hakuna.

Sasa wazungu wa ule ukoo wakaanza kutengeneza kitabu chao. Wakatangaza kwamba mwanaume yeyote anayedai ni wa kwao apimwe DNA ya upande wa baba, ile anayopewa mtoto wa kiume na baba yake, naye baba alipewa na babu, hadi juu. Ikilingana na ya kwao, jina linaingia kitabuni, na unaalikwa kwenye mkutano wa ukoo kule Pinetown.

"Maisha yangu yote nimeitwa mwongo," Anko akaniambia. "Safari hii wataniandika."

Bahasha ya kipimo ikafika, ndani mna vijiti viwili vyenye pamba nchani, vya kusugua ndani ya shavu. Anko akavitazama kama dawa ya panya. "Hii pamba wameipaka nini?"

Eish! Mtu ameendesha lori miaka arobaini, leo anaogopa pamba. Sasa sikia ujinga wangu. Kwetu Uvira, kando ya ziwa, ukimpa mgeni kinywaji unatosha sumu kwanza, yaani unaiondoa: unaonja wewe, anaona hufi, ndipo anakunywa. Basi nikachukua kijiti kimoja, nikakisugua shavuni mwangu vizuri kabisa. "Unaona, Anko? Niko mzima." Nikakirudisha kwenye kimfuko chake. Akacheka, akachukua cha pili, akajisugua. Bahasha niliifunga mimi, posta niliipeleka mimi. Nikajiona mtu wa maana.

Majibu yakaja baada ya wiki kadhaa. Ukoo wa kiume: Afrika. Haulingani na wa mlowezi. Kulikuwa na ramani, na rangi ilikuwa imekolea hadi kwenye ziwa letu. Kwanza nikachekelea: "Anko, kumbe wewe mtu wa kwetu!" Halafu nikakumbuka. Kile kijiti!

Nikachanganyikiwa kabisa. Walipima kipi? Changu? Chake? Au walivichanganya? Nikimwambia, atanifukuza. Nisipomwambia, nimemnyang'anya mzee babu yake kwa mate yangu. Na Anko mwenyewe aliacha kutoka, hata mkate nilimnunulia mimi. Nilimwonea huruma hadi nikakasirika, na sijui nilimkasirikia nani.

Jumapili moja, nikitoka ibadani, nikamwambia yote. Nilingoja matusi. Mungu wangu, mzee akanikumbatia!

"Kumbe ni mate yako! Mpumbavu wewe, ni mate yako!" Akacheka hadi akakohoa. Siku hiyo hiyo alinyoa ndevu. Akawaandikia wale wazungu, nao wakatuma vijiti vingine. Safari hii alinifungia mlango, akajisugua peke yake, akapanda taksi kwenda posta mwenyewe. Kila jioni akawa ananieleza suti atakayovaa Pinetown.

Majibu ya pili tuliyasoma pamoja, tumesimama jikoni. Yalitaja ukoo mwingine, si ule wa karatasi ya kwanza. Kwa hiyo kweli, ile ya kwanza ilikuwa yangu. Lakini na hii ilisema Afrika. Mlowezi hayumo.

Nikaanza kuhangaika na maneno. "Anko, hiki kipimo kinafuata wanaume tu. Akipita mwanamke mmoja katikati, bibi yako mmoja tu, huyo mzungu haonekani tena hata kama yupo..." Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, jinsi unavyomsikiliza mtu wa bima.

"Kwa nini uliniambia?" akauliza.

"Nilitaka upate haki yako, Anko."

Akaikunja karatasi, akanikabidhi.

"Nilikuwa nimeshamzika yule mzungu," akasema. "Nilimaliza. Wewe ukamfufua. Sasa nimzike tena, kwa nguvu zipi?"