Sindano Inayosubiri Wageni

Kilichoninyima usingizi wiki ile ni swali ambalo shahada yangu ya afya ya jamii haikulitaja popote: je, mtoto anaweza kuwekwa akiba?

Mkurugenzi wetu alisema anaweza. Tulimwita Daktari. Udaktari wake ulikuwa wa uchumi wa ndizi, lakini katika shirika la chanjo hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuliza. Ofisi ilikuwa katikati ya jiji, kwenye jengo ambalo lifti yake iliamka siku za wafadhili tu. Mimi nilikuwa msaidizi wa ushirikishwaji wa jamii. Mama yangu, pale Mountain View, aliliambia kanisa zima kwamba nafanya kazi ya kimataifa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nabeba viti.

Kulikuwa na mkutano wa wataalamu wa chanjo kutoka nchi nyingi, hotelini mjini, na siku moja walikuwa wapelekwe nyanjani. Nyanjani yenyewe ilikuwa Waithaka. Kwangu mimi Waithaka ni mtaa wa humuhumu jijini anapokaa kinyozi wangu, lakini kwenye ratiba wageni walishauriwa kuvaa viatu vigumu na kubeba maji.

"Lazima waone sindano ikiingia," Daktari aliniambia. "Wakipata watoto wameshachanjwa, wataona nini? Watu wamekaa kwa benchi? Hiyo hata kwao iko. Ambia sista wa zahanati ashikilie watoto kidogo."

"Kidogo ni mpaka saa ngapi, Daktari?"

"Mpaka tufike."

Shida ni kwamba nilikuwa nimeona ziara iliyotangulia. Wageni wale walipitia kulisha twiga kwanza. Sista akashikilia watoto kama alivyoambiwa, akina mama wakaanza kuondoka mmojammoja, na magari yalipofika benchi lilikuwa na paka. Tuliazima mtoto wa mama anayeuza sukuma wiki pale langoni, mtoto aliyekuwa ameshachanjwa zamani, tukashika bomba tupu lisilo na sindano karibu na mkono wake. Alilia vizuri sana. Picha yake ilipamba ripoti ya mwaka. Wale waliorudi nyumbani bila chanjo hawakuwa kwenye ripoti, na mimi ndiye niliyebaki nikijiuliza wangapi walirudi tena. Surua haisomi ripoti.

Kwa hiyo nilifikiri. Nilifikiri nikila, nikioga, nikivuka barabara. Nikimtii Daktari, watoto wataondoka tena. Nisipomtii, wageni watakuta benchi tupu, na mkataba wangu, uliokuwa unakaribia kuisha, utaisha kweli. Nilifikiri kuugua. Nilichagua hata ugonjwa, kisha nikaogopa kwamba kuutaja kungenifanya niupate.

Siku moja kabla ya ziara nilitumwa River Road kuchukua fulana na bango. Mchapaji, kijana mwenye wino hadi kwenye nyusi na chingamu mdomoni, alikuwa bado anamalizia bango.

"Hizi ni za kampeni? Unasimama kiti gani?"

"Ni za chanjo."

"Basi utashinda. Hakuna mwenye anapinga chanjo, isipokuwa watoto." Akanionyesha kazi kwenye kompyuta: Kila Mtoto, Kila Chanjo, Kwa Wakati.

Nikayatazama maneno mawili ya mwisho mpaka akaacha kutafuna.

"Unaweza kutoa 'Kwa Wakati'?" nikauliza.

"Naweza. Lakini itabaki shimo hapo. Nikuwekee maua?"

Niliwaza yale maua kwa muda mrefu kuliko mtu mwenye akili timamu anavyopaswa kuwaza maua. Mwishowe nikamwambia aache maneno kama yalivyo, kwa sababu sikuwa na ujasiri hata wa kudanganya kidogo.

Asubuhi ya ziara akina mama walijaa zahanati mapema, wamevaa fulana zetu juu ya sweta. Sista, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita watu kutoka mtaa wa pili, alinisubiri mlangoni.

"Ni wewe ulinitumia meseji nishikilie watoto? Nishikilie na nini, kamba?"

"Ni Daktari amesema."

"Daktari hayuko hapa. Friji ya chanjo ni nyinyi mlileta, kwa hivyo siwezi kugombana na ofisi yenu. Ukisema tungoje, tutangoja. Ukisema nianze, naanza. Lakini useme wewe, na watu wakisikia."

Basi tukangoja. Akina mama waliimba wimbo wa kukaribisha wageni, kwa mazoezi. Wakauimba tena. Shosho mmoja aliyembeba mjukuu mgongoni aliniita kwa kidole.

"Daktari."

"Mimi si daktari, shosho," nikasema, kadi ya ofisi ikining'inia shingoni.

"Una kitu kwa shingo, wewe ni daktari. Hao wageni ni wagonjwa?"

"Hapana, ni wazima."

"Sasa mbona tunawangojea na hawaumwi popote? Hii wimbo tumeimba mpaka mtoto ameijua. Na nimeacha githeri kwa jiko."

Akina mama wakacheka. Nami nikacheka, cheko la mtu anayetafuta mlango. Simu ikalia.

"Kuna kuchelewa kidogo," alisema Daktari. "Wananunua vinyago. Shikilia hapo hapo."

Nilipogeuka, mama mmoja kijana alikuwa amesimama, anafunga leso ya mtoto. Alikuwa na kibarua cha kufua nguo Kawangware, akasema, na mwenye nguo hangojangi mtu. Angekuja mwezi ujao, kama angepata nafasi. Ilikuwa sauti ileile niliyoisikia ziara iliyotangulia, ya upole, isiyolalamika. Nikamtazama anavyokwenda langoni, chini ya bango langu jipya.

"Sista," nikasema, "anza."

"Sema kwa nguvu. Wale wa nyuma hawajasikia."

"Anza. Anza na huyu anayeondoka."

Nilimkimbilia mama yule nikamrudisha. Sista alikuwa ameshavunja kizibo na kuchanganya dawa. Chanjo ya surua ikishachanganywa hairudi kuwa unga. Mtoto wa kwanza akalia, wa pili akalia kwa kumwigiza, na benchi likaanza kusogea.

Simu ikalia tena. "Tuko Dagoretti Corner. Watoto wako?"

"Wako, Daktari, lakini wanachanjwa. Mkifika watakuwa wamemaliza."

"Nani amesema waanze?"

"Ni mimi."

Aliendelea kuongea. Zamu ya shosho ilikuwa imefika na mjukuu wake alikuwa anapiga mateke kama punda, kwa hiyo nilitia simu mfukoni ikiwa bado inaongea, nikaushika ule mkono mdogo wa kushoto.